Kiolesura cha Maktaba ya Kuingilia Mfumo: Mwongozo kwa Programa wa Sumbawanga

Chukulia vyama vya ushirika vya mazao vya Laela, Matai, Namanyere na Mtowisa vimekubaliana kutumia mfumo mmoja wa kupokea mahindi ghalani na kutoa stakabadhi. Kila chama kina kijana wake wa TEHAMA atakayetengeneza kurasa na ripoti za kwao. Wewe, uliyeko Sumbawanga mjini, umeachiwa kipande ambacho wote watakitegemea: maktaba inayothibitisha kwamba anayeingia kwenye mfumo ni yeye kweli.

Mwongozo huu unahusu uso wa maktaba hiyo, yaani fankisheni ambazo vijana hao wataziita, majina yake, vigezo vyake na majibu yake. Heshi na hesabu zake sitazigusa sana, kwa kuwa walishazifanyia kazi watu wanaozijua na wewe unatakiwa kuzichukua zilivyo. Kiolesura ndicho unachokitunga mwenyewe, na ndipo panapoharibika.

Utakapokwama kuchagua kati ya njia mbili, jiulize swali moja: kijana wa Matai akiiita fankisheni hii vibaya saa nne usiku, huku foleni ya malori ikimsubiri kesho yake, nini kitatokea? Kila kosa lake liishie kwa mtu halali kukataliwa, kamwe lisiishie kwa mtu asiye halali kuingia. Karani aliyekataliwa atakupigia simu dakika hiyohiyo. Mwizi aliyeingia hatakupigia.

Jibu lisiwe namba

Mwezi Juni 2012 ilitangazwa kasoro katika MySQL na MariaDB. Msimbo wa kukagua nywila ulilinganisha heshi mbili kwa `memcmp`, fankisheni ya lugha ya C inayorudisha sifuri vitu viwili vikifanana, na namba nyingine yoyote visipofanana. Jibu hilo likabanwa kwenye nafasi ya baiti moja. Kwenye baadhi ya mashine, namba kama 256 ikikatwa ibaki baiti moja inakuwa sifuri, na sifuri hapo maana yake "zimefanana". Hivyo nywila yoyote ya uongo ilikuwa na bahati moja kati ya 256 ya kukubaliwa. Aliyelijua jina la mtumiaji, na `root` nani asiyelijua, alihitaji kurudia mara mia kadhaa tu, kazi ambayo kompyuta huimaliza haraka sana.

Miaka mitatu kabla yake, Januari 2009, OpenSSL nao walitangaza ya kwao. Fankisheni yao ya kuhakiki sahihi, `EVP_VerifyFinal`, ilirudisha 1 kwa sahihi nzuri, 0 kwa sahihi mbovu, na -1 ikiwa kazi yenyewe imeshindikana. Waitaji wengi waliandika sharti la "kama si sifuri, endelea". Kwa C, -1 si sifuri. Sahihi iliyovunjika kiasi cha kushindwa kusomeka ikapita kama halali. NTP, programu inayosawazisha saa za kompyuta, ilinaswa na mtego huo, na hata OpenSSL yenyewe, ndani ya msimbo wake, ilikuwa imeiita fankisheni yake kimakosa. Mwenye maktaba akishindwa kuitumia maktaba yake, usitegemee kijana wa Mtowisa aiweze.

PHP, ambayo mifumo mingi ya ofisi zetu imeandikwa kwayo, ina toleo lake la mkosi huu. Ukilinganisha maandishi mawili kwa `==`, na yote mawili yakaanza na `0e` kisha tarakimu tupu, PHP huyasoma kama namba: sifuri na sifuri, basi ni sawa. Heshi ya MD5 ya 240610708 na ile ya QNKCDZO ni tofauti kabisa kwa macho, lakini kwa `==` zinalingana, kwa sababu zote mbili zina sura hiyo. Mwaka 2013 PHP 5.5 ilileta `password_hash` na `password_verify`, na ninaihesabu kuwa kazi nzuri ya usanifu: mwitaji hachagui heshi, hatengenezi chumvi, halinganishi chochote. Anatoa nywila na heshi iliyohifadhiwa, anapewa ndiyo au hapana. Njia ya kukosea imeondolewa, hakuna anayebaki kuonywa asikosee.

Hata hivyo ndiyo na hapana bado ni pungufu, maana mtu anaweza kusahau kulitazama jibu. Nenda hatua moja mbele. Fankisheni yako `ingia(jina, nywila)` irudishe kitu, tukiite `Mhusika`. Ikishindwa, isirudishe chochote bali irushe hitilafu. `Mhusika` asiweze kuundwa mahali pengine popote isipokuwa ndani ya maktaba yako: mjenzi wake awe wa faragha kwa Java na PHP, na kwa C muundo wake ufichwe, mwitaji aone kielekezi tu. Kisha kila fankisheni yenye uzito imdai kama kigezo: `toa_stakabadhi(mhusika, mkulima, kilo)`, `idhinisha_malipo(mhusika, stakabadhi)`. Kijana aliyesahau kuthibitisha hana cha kuweka kwenye nafasi ya kwanza. Programu yake haitajengeka, au itaanguka kwenye mstari huohuo, na kuanguka hapo ndiko tunakokutaka.

Hatua zote ndani ya fankisheni moja

Seva yako ya Linux inatumia PAM, mfumo ambao Vipin Samar na Roland Schemers wa Sun Microsystems waliupendekeza mwaka 1995 ili msimamizi wa kompyuta abadili njia ya uthibitishaji bila kuandika upya programu ya kuingilia. Wazo zuri, na limedumu. Lakini limegawanya kazi: `pam_authenticate` inauliza kama nywila ni sahihi, halafu `pam_acct_mgmt` inauliza kama akaunti bado ina ruhusa, haijaisha muda wala kufungwa. Ukiita ya kwanza ukasahau ya pili, kila kitu kinaonekana kufanya kazi. Utajaribu nywila nzuri utaingia, utajaribu mbaya utakataliwa, utafurahi. Mwaka 2022 ilibainika kwamba Cobbler, programu ya kusimamia usakinishaji wa seva, ilikuwa imefanya hivyo hasa, na akaunti zilizokwisha muda zikawa bado zinaingia.

Kwetu kosa hili lingeonekana baada ya msimu. Vyama huajiri makarani wa muda mahindi yanapovunwa, kuanzia Mei na kuendelea. Ununuzi ukiisha akaunti zao zinafungwa, lakini nywila zao hawajazisahau. Kwa hiyo usitoe fankisheni mbili. `ingia` ikague nywila, hali ya akaunti, na kama huyo ni karani wa ghala hilo au la, vyote kwa mkupuo, na `Mhusika` azaliwe baada ya vyote kupita. Anayetaka kukagua kipande kimoja tu, mwambie hapana.

Jina la mtumiaji nalo ni silaha

Waandishi wengi huichunga nywila na kuliamini jina. Tarehe 4 Desemba 2019 kampuni ya Qualys ilitangaza kasoro katika OpenBSD, mfumo endeshi unaosifika kwa usalama. Maktaba yake ya uthibitishaji huita programu ndogo ya pembeni na kuipa jina la mtumiaji kama kigezo cha mstari wa amri. Programu hiyo, kama nyingi za Unix, husoma chochote kinachoanza na kistari kuwa ni agizo. Basi mtu akajiita `-schallenge`. Programu ikasoma: "tumia huduma ya challenge". Kwa huduma hiyo ilikuwa haina cha kukagua, ikarudisha mafanikio, na maktaba ikayapokea kama uthibitisho. Seva za barua, za LDAP na za RADIUS zilizotegemea maktaba hiyo zikawa zinafungukia nywila yoyote. Seva ya SSH iliponea kwenye ukaguzi wake mwingine wa ndani. Viraka vilitoka chini ya saa 40, navyo vilikuwa vya aina mbili pamoja: jina linaloanza na kistari likataliwe tangu mlangoni, na programu ya pembeni ipewe alama ya kuonyesha kwamba maagizo yameishia hapo.

Fanya vivyo hivyo: safisha jina mahali pamoja, ndani ya maktaba, kabla halijagusa kitu kingine. Na hapa tuna mambo yetu ambayo OpenBSD hawakuyawaza. Karani wako ataingia kwa namba ya simu, na namba hiyo ina sura tatu: inaanza na 0, inaanza na 255, au inaanza na +255. Ukiacha kila ukurasa uamue, ghala moja litasajili sura ya kwanza na jingine la pili, na mtu mmoja atakuwa na akaunti mbili, moja imefungwa na nyingine iko wazi. Kisha kuna majina yenye ng', na ritifaa yake haina umbo moja: kwenye kompyuta inakuwa iliyonyooka, kwenye simu janja inajipinda, na baadhi ya watu huiacha kabisa. Usimkatae mtu kwa sababu hiyo, wala usiliunganishe jina lake kwenye sentensi ya SQL. Jina lipite kama kigezo kinachojitegemea cha kanzidata, basi.

Katika aina za data, mpe jina lililosafishwa aina yake mwenyewe, `JinaSafi`, na fankisheni zako za ndani zikubali aina hiyo peke yake. Utajishukuru mwaka wa pili.

Ndiyo, hapana, sijui

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi kwa kukosa intaneti. Rukwa hatuhitaji baharini kuharibike ndipo tukatike: kwa miaka mingi mkoa umepata umeme wake kutoka Zambia, nje ya gridi ya taifa, na anayefanya kazi Namanyere anajua kwamba mnara na taa huweza kuondoka pamoja. Kwa hiyo swali la "seva kuu haipatikani" kwako ni la kila wiki.

Ubaya ni kwamba hapo ndipo mtu hushawishika kuandika mstari wa huruma: ikishindikana kuuliza, mruhusu, tutakagua baadaye. Ni sawa na mlinzi wa ghala aliyeambiwa kwamba asipomtambua mtu gizani amfungulie. Mstari huo ukishaandikwa, mwizi hahitaji nywila. Anahitaji kuchomoa waya.

Maktaba yako itofautishe mambo matatu: mafanikio yanarudisha `Mhusika`, huku `Amekataliwa` na `HaikuwezekanaKukagua` zikiwa hitilafu mbili zenye majina tofauti, na zote zinamwacha mtu nje. Tofauti yake ni ya karani na ya kumbukumbu, ili asibadili nywila mara tano wakati tatizo ni mtandao.

Lakini mahindi hayasubiri. Wakulima wamelala na magunia nje, na ghala likisimama siku nzima vijana watatafuta njia ya panya, wataandika nywila moja ya wote ukutani. Kwa hiyo iandae njia halali. Toa fankisheni nyingine yenye jina lisilojificha, `ingia_bila_mtandao`, inayokagua kwa heshi zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya ghala lenyewe, za makarani wa ghala hilo tu, zenye ukomo wa siku chache. Irudishe `MhusikaWaMuda`. Huyo anaweza kupima uzito na kupokea mzigo. Fankisheni ya `idhinisha_malipo` haimkubali kwa kuwa inadai `Mhusika` kamili. Hakikisha wa muda harithi kutoka kwa kamili, la sivyo lugha itampitisha kimyakimya na kazi yote imekwenda bure.

Ukidhani njia ya dharura si hatari, itazame Okta, kampuni ya Marekani ambayo biashara yake ni kuthibitisha watu. Kuanzia tarehe 23 Julai hadi 30 Oktoba 2024, njia yao ya akiba, ile inayotumika wakala wa seva kuu asipopatikana au mzigo ukizidi, ilitengeneza ufunguo kwa kuunganisha namba ya mtumiaji, jina lake na nywila, kisha kuvipitisha kwenye bcrypt. Sasa bcrypt, kazi ya Niels Provos na David Mazières ya mwaka 1999, huangalia baiti 72 za mwanzo tu. Jina likifika herufi 52, nafasi inajaa kabla nywila haijafikiwa. Mwenye jina refu aliyewahi kuingia vizuri hapo nyuma aliweza kuingiwa bila nywila yake kutazamwa kabisa. Bcrypt haikusema kitu. Ilikata ikanyamaza, na mwitaji akadhani yote yamesomwa.

Maktaba yako isikate kimya. Kikomo ni baiti 72? Kinachozidi kirushiwe hitilafu wakati wa kusajili nywila, kwa maneno ambayo karani ataelewa. Na fankisheni ya heshi ipokee nywila peke yake, isipokee mchanganyiko wowote ambao mwitaji amejitungia.

Mkoa wa "tuma kwa namba hii"

Hili tuliseme bila kuona haya. Katika mwaka 2024 taarifa za robo mwaka za mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ziliutaja Mkoa wa Rukwa, pamoja na Morogoro, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Mtu atakayejaribu mfumo wako huenda hajui `memcmp` ni nini. Atampigia karani, ataamkia vizuri, atajitambulisha kuwa fundi wa mfumo kutoka makao makuu, kisha ataomba asomewe zile tarakimu sita za uthibitisho zilizoingia sasa hivi kwenye simu yake.

Kiolesura kina nafasi hapa pia. Usitoe fankisheni ya `tuma_namba(simu)` inayomwachia kila mtu atunge ujumbe wake. Iwe `tuma_namba(simu, kusudi)`, kusudi lichaguliwe katika orodha fupi: kuingia, kubadili nywila, kuidhinisha malipo. Ujumbe uutunge wewe, kwa Kiswahili, useme wazi namba hiyo itafanya nini: "Namba hii itabadili nywila yako. Usimsomee mtu yeyote, hata akisema ni fundi." Namba iliyotolewa kwa kuingia ikataliwe ikipelekwa kwenye malipo. Iishe baada ya dakika chache, na ikishatumika mara moja imekufa.

Msimamizi naye asipewe fankisheni ya kusoma nywila ya mtu, hata kwa nia njema. Kwanza haipaswi kuwezekana, maana kilichohifadhiwa ni heshi. Mpe `anzisha_upya(mhusika, jina)`, inayofuta nywila ya zamani na kuacha kumbukumbu ya nani amefanya na lini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na orodha ya wakulima yenye namba za simu na kiasi cha mahindi waliyouza ni taarifa zao binafsi.

Mengine kwa kifupi

Hesabu ya majaribio iwe ndani ya maktaba. PIN ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000 tu, na ukurasa mmoja uliosahau kuhesabu unatosha kuimaliza yote. Lakini usiifunge akaunti moja kwa moja baada ya makosa matatu: mtu mwenye chuki atawafungia makarani wote asubuhi ya ununuzi. Ongeza muda wa kusubiri kila kosa linaporudiwa.

Jina lisilokuwepo lichukue muda uleule kama nywila mbaya, na ujumbe uwe mmoja, "Jina au nywila si sahihi." Fankisheni ya OpenBSD iitwayo `crypt_checkpass` hukubali kupewa `NULL` badala ya heshi na bado hufanya kazi ya kukokotoa kabla ya kukataa, mwitaji asijue wala asihitaji kujua. Huo ndio mtindo wa kuiga.

Usiweke kigezo cha aina ya `kagua=ndiyo`. Siku mtu atakapotaka kujaribu ukurasa wake haraka ataandika `hapana`, na mstari huo utasafiri hadi Laela. Kama unalazimika kuwa na njia ya majaribio, iweke kwenye maktaba tofauti isiyosakinishwa ghalani.

Nywila isitokee kwenye kumbukumbu za hitilafu. Ipe aina yake, `Siri`, ambayo ukiichapisha hutoa nyota.

Kabla hujaitoa

Mtafute mwanafunzi, kampasi ya Rukwa ya chuo kikuu cha MUST ipo hapahapa, asiyewahi kuona msimbo wako. Mpe orodha ya fankisheni bila maelezo na umwombe aandike ukurasa wa kuingia na ukurasa wa kutoa stakabadhi. Kaa kimya. Akiuliza swali, liandike. Kila swali ni jina baya la fankisheni au kigezo kilichozidi. Akimaliza, mwombe auharibu ukurasa wake makusudi: afute mistari, ageuze masharti, apite kwa jina lenye kistari, achomoe mtandao katikati. Ukurasa ukifunguka hata mara moja, aliyekosea ni wewe.

Fanya hivyo Februari au Machi, mahindi yakiwa bado mashambani. Fankisheni ikishaitwa na maghala manne, kubadili jina lake au jibu lake ni kusafiri Matai na Namanyere na kushuka bondeni Mtowisa, kompyuta kwa kompyuta. Ukiona mwezi Aprili kwamba haijawa tayari, waambie vyama watumie daftari msimu huu.